Kasha la Mama Halikuliwa na Mchwa

Utange, Kisauni,
S.L.P. 90417,
Mombasa.
17 Agosti 1996.

Mpendwa dada yangu Jumwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote huku Utange, na zaidi kutoka kwangu mimi kaka yako. U hali gani? Shemeji Kazungu anaendeleaje na goti lake, na je, bado anaamka alfajiri kama mtu anayekwenda zamu, ingawa reli imekwisha kumwachisha kazi? Kafedha hajambo na mtoto wake? Nasikia baridi ya Kitale mwaka huu imekuwa kali hata mahindi yanatetemeka shambani. Mvalishe huyo mjukuu soksi.

Huku kusi imeanza kupunguza hasira, na asubuhi zetu ni za kupendeza. Mihogo imeshika vizuri. Binti yangu Dhahabu hajambo, ndiye anayenipikia uji na kunigombeza nisipoumaliza. Upande wa Kiembeni wamejenga nyumba nyingi hata ukirudi leo utahitaji mtu wa kukushika mkono.

Sasa habari za afya yangu. Miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi barazani ninapumzika mara mbili. Nilimwomba daktari aniambie wazi, naye akaniambia wazi kwamba moyo umechoka na hauna spea. Usilie, Jumwa. Nina miaka sabini na minne. Nimefundisha watoto wa watu hesabu kwa miaka thelathini na miwili, na wengi wao wanajua kugawanya. Tangu nilipoambiwa, nalala vizuri kuliko zamani, na asubuhi naamka nikiwa na furaha ya mtu aliyebakiza kazi moja tu kabla ya kufunga shule. Kazi yenyewe ni barua hii.

Umeipokea mkononi mwa Gona, na najua ulikunja uso ulipomwona mlangoni. Ni miaka tisa sasa hutaki hata kulisikia jina lake. Nakuomba kwa heshima ya marehemu mama, mpe kiti na umpe chai, kisha uketi usome mpaka mwisho. Kama yuko mtu asiyestahili kiti nyumbani kwako, ni mimi.

Jumwa, kasha la mama halikuliwa na mchwa. Nililikata mimi, kwa msumeno, nikatengeneza gitaa.

Basi, nimekwisha kuandika, na kalamu haikuvunjika. Niliogopa sentensi hiyo kwa miaka tisa, na kumbe ni fupi hivyo. Sasa niache nikueleze tangu mwanzo, maana hata mwizi hupewa nafasi ya kujieleza, na mwizi mwenye umri wangu anapenda kusimulia.

Unakumbuka kwamba nilipostaafu sikujua la kufanya na mikono yangu. Mke wangu Margret alisema nimekuwa kama kuku aliyenyang'anywa mayai. Mwaka wa 1982 gitaa la kanisani likaangukiwa na benchi, shingo ikakatika. Wakaniletea mimi, kwa kuwa mwalimu aliyestaafu hudhaniwa ana muda na akili, navyo nilikuwa navyo kidogo. Nikamwita Gona, jirani yetu, ambaye wakati ule alikuwa fundi seremala katika hoteli moja kule Shanzu. Tukapasha kisu moto, tukaubandua mgongo wa gitaa polepole, tukachungulia.

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ndani ya gitaa mna kitu. Kumbe mna mbavu, Jumwa, vijiti vyembamba vilivyopangwa kwa hesabu kubeba uso wa gitaa usizame na usikazike mno. Tulikaa pale uani tukiangalia kama watu waliofunguliwa nyumba ya jirani. Gona akasema anaweza kuvichonga vile vijiti. Mimi nikasema naweza kuvipima. Tangu siku hiyo tukawa watengenezaji wa magitaa, bila kutumwa na mtu wala kungoja faida.

Gitaa la kwanza tulilitengeneza kwa mbao za makasha ya majani ya chai. Lililia kama debe, na Margret akaniuliza tutalitilia sukari lini. La pili tulilitengeneza kwa mvinje mbichi, nasi tulijivunia sana, hata tukaliweka sebuleni wageni waone. Kaskazi ilipoingia lilipasuka kwa kishindo tukiwa mezani tunakula. Margret hakuinua hata kichwa. Alisema, "Limepiga wimbo wake wa kwanza." Nilicheka hadi nikapaliwa na wali.

Nataka ujue furaha tuliyokuwa nayo, maana bila kuijua hutaelewa kosa langu. Nilijifunza kwamba vile vyuma vidogo vya shingoni havipangwi kwa kukisia. Unapima urefu wa waya, unaugawanya kwa kumi na nane, unaweka chuma cha kwanza hapo. Kisha unachukua urefu uliobaki, unaugawanya tena kwa kumi na nane, na hivyo hivyo hadi mwisho. Miaka yote nilifundisha kugawanya kwa maembe na machungwa, kumbe kulikuwa na kugawanya kunakotoa muziki. Gona naye alikuwa na kipande cha bomba la moshi la lori, anakijaza makaa, kikipata moto analaza juu yake ubao mwembamba uliolowekwa maji, anaukunja taratibu huku akiimba chini chini. Akihisi unagoma anauachia kwanza, anazungumza nao, kisha anarudi. Alikuwa akiniambia ubao haupigwi amri kama mtoto wa darasa la tatu. Nilikuwa nikimtazama nikajuta viboko vyote nilivyowahi kuchapa.

Kazi hiyo ilinipa tabia moja mbaya. Ubao mzuri hujulikana kwa kuugonga. Unaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, na ubao mfu hukujibu neno moja, ubao hai huendelea kusema baada ya wewe kunyamaza. Basi nikawa siwezi kupita penye mbao nisigonge. Niligonga milango ya watu, niligonga madawati ya shule, niligonga mimbari mchungaji akiwa amesimama juu yake. Siku ya mazishi ya mzee Mramba niligonga jeneza, na Gona akanifinya mbavu mbele ya wafiwa.

Ndivyo nilivyofika kwenye kasha. Lilikuwa chumbani kwangu tangu mama alipofariki, pale pale ulipoliacha uliposema, kaka, kaa nalo, nitalifuata. Mwezi wa Juni mwaka wa 1986 kulikuwa na mvua, nikalifungua nitoe blanketi. Nilipokuwa nikikifunga kifuniko, kifundo changu cha kidole kikagonga. Jumwa, kifuniko kikaitika. Kililia kwa sauti nzito, safi, ikaenda hadi kwenye pembe za chumba ikarudi. Nilisimama pale na blanketi mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ulikuwa mwerezi ule, umekauka ndani ya nyumba tangu kabla hatujazaliwa, tangu baba aliponunua lile kasha Malindi. Mbao za namna hiyo hatukuwa na mahali pa kuzipata. Nilivumilia wiki tatu. Kila siku nilitafuta sababu ya kuingia chumbani nikagonge tena, na kila siku nilijiambia kasha ni la Jumwa, mama alimpa kwa kinywa chake, tena mbele yangu. Wiki ya nne nikajiambia kwamba hujalifuata kwa miaka saba, kwa hiyo huenda umelisahau. Mtu aliyesoma ana hatari hiyo, hakosi hoja.

Nilitoa nguo za mama, nikazifunga kwenye shuka, nikazificha chini ya vitabu katika sanduku langu la shule. Gona alipokuja kunisaidia kupasua, alilitazama kasha muda mrefu, akaniuliza ni la nani. Nikamjibu ni letu. Hakuuliza tena, kwa kuwa aliniamini.

Tulifanya kazi miezi mitano. Kifuniko kikawa uso wa gitaa. Ubao wa nyuma wa kasha ukawa mgongo. Siku tulipofunga nyuzi, Gona aliupiga uzi mmoja tu, ule mnene, kisha akauweka mkono juu yake kuunyamazisha, akaenda kusimama nje. Mimi nilibaki ndani nikilia. Sitakudanganya tena, Jumwa, kwa hiyo nakwambia kweli hii pia: siku hiyo sikujuta. Nilifurahi kuliko siku nilipopata cheti cha ualimu.

Majuto yalikuja kwa posta mwaka uliofuata. Uliandika kwamba Shemeji amepata rafiki mwenye lori linalokuja Mombasa kupakia, na kwamba atapitia Utange kulichukua kasha. Ningeweza kusema kweli siku ile ile. Badala yake nikakaa mezani na mwandiko wangu mzuri, nikaandika kwamba Gona alipokuwa akitengeneza sakafu ya chumba alilitoa kasha, akaliacha uani juu ya udongo mtupu, mchwa wakalila. Kisha nikaona mchwa gani hao watakula mbao na kuacha nguo, nikaandika kwamba hando za mama, zile sketi zake za marinda, nazo zimekwenda. Uongo ni kama kuku anayetaga, hukai na mmoja.

Wewe ulinijibu kwa huruma. Uliniambia nisijilaumu, kwamba nilikuwa mtunzaji mwema, na kwamba mwenye makosa ni fundi asiyejali mali ya wenzake. Barua hiyo ninayo ndani ya Biblia yangu. Margret aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Yeye alijua kila kitu. Aliniambia, "Mwandikie wifi yangu. Usinifanye nife na siri ya mbao."

Nikasema nitaandika, na mwaka uliofuata akafa.

Ulikuja kumzika, Mungu akubariki kwa safari ile. Gona ndiye aliyemtengenezea jeneza, alikesha akilipiga randa. Asubuhi alikuja kukupa mkono wa pole, nawe ukaupita mkono wake ukaenda kusalimia watu wengine. Niliona. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikatazama pembeni.

Sasa sikia jambo ambalo hulijui hata kidogo. Desemba ya mwaka wa 1990 ulimtuma Kafedha aje kunikalia likizo. Alilikuta gitaa lile ukutani, akalishika, na hakuliweka chini mwezi mzima. Alijifunzia hapo barazani kwangu, vidole vikatoka malengelenge, akavifunga kwa vitambaa akaendelea. Siku ya kuondoka alilirudisha ukutani akalifuta vumbi kwa kanga yake. Nikamwambia aende nalo. Watu walinisifu kwa ukarimu. Mimi nilijua kwamba silitoi, ninalirudisha kwa njia ya uani.

Kwa hiyo kasha lako liko nyumbani kwako, Jumwa. Limekaa kwako karibu miaka sita, linapigwa kanisani kila Jumapili. Mwaka wa 1991 uliniandikia kwamba gitaa la Kafedha lina harufu inayokukumbusha mama alipokuwa akifungua nguo zake za sikukuu, nawe hujui kwa nini, labda ni uzee. Si uzee. Pua yako ni nzima kabisa.

Mwambie Kafedha akuletee gitaa na tochi. Mulika ndani ya lile tundu utazame mgongoni. Utaona alama sita zilizokatwa kwa kisu. Mama alikata alama moja ndani ya kasha kila alipojifungua, na ya mwisho, iliyo ndogo iliyopinda kidogo, ni yako. Gona alitaka kuipiga randa sehemu hiyo iwe nyembamba kama inavyotakiwa, nikamkataza. Ndiyo sababu Kafedha hulalamika kwamba gitaa lake ni zito.

Juzi juzi, baada ya daktari kuniambia aliyoniambia, nilimwita Gona nikamweleza yote. Alikuwa akisugua shingo ya gitaa letu la kumi na moja. Akaiweka chini.

"Mwalimu, ulimwandikia dada yako kwamba mchwa wamekula mwerezi?"

Nikasema ndiyo.

"Na akaamini? Mchwa hagusi mwerezi hata umpikie kwa tui."

Akacheka. Alicheka hadi akakaa juu ya vumbi la mbao, nami nikacheka naye, na Dhahabu akatoka jikoni kuona kama nimezidiwa. Kisha Gona akajifuta uso, akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile ya marehemu nilidhani amekataa mkono wangu kwa sababu nimekosea jeneza. Miaka yote hii nimekuwa nikilipima tena kichwani."

Jumwa, daktari hajaniambia neno lililonichoma kama hilo. Fundi huyu amebeba kosa langu miaka tisa bila kujua jina lake, na akatafuta kosa katika kazi ya mikono yake mwenyewe. Nilimwomba radhi. Alikwenda akaleta kikombe cha maji, akatia kinywani, akasema kama kuna jambo moyoni mwake juu yangu basi linatoka na maji haya, akayapuliza kifuani pangu kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya. Mchungaji wetu hayapendi mambo hayo, lakini mchungaji hakuwapo, na maji yalikuwa ya kisima cha kanisa.

Nilipomwambia kwamba nitakuandikia, alisema hatakubali barua ipitie posta, kwa kuwa posta haiwezi kusimama ikapuliziwa maji. Akasema atakuja mwenyewe, asimame mbele yako mahali pangu. Nilimkatalia, nikamwambia ni mbali na yeye si kijana. Akanijibu kwamba ana hamu ya kulisikia lile gitaa tena, na kwamba ana haki ya kunywa chai yako ambayo imemngoja tangu mazishi. Basi nikachukua kalamu.

Mzigo alioubeba ni wako. Mna hando mbili za mama, shanga zake na kile kitambaa chekundu, vyote vizima, havikuguswa na mdudu. Mna mbao mbili za pembeni mwa kasha zenye vishikio vyake, na kufuli la shaba. Sikuzitengeneza kitu. Ukitaka Gona akuchongee kijikasha cha kutilia hizo nguo, amekuja na randa na patasi. Ukitaka uzichome moto mbele yake aje anisimulie, ni zako pia.

Kuhusu gitaa, sina la kusema. Ukiona vema libaki kwa Kafedha, libaki. Ukisema lifunguliwe mbao zirudi kuwa mbao, Gona anajua kulibandua bila kulipasua, ameapa hivyo, ingawa uso wake alipoapa haukunipendeza. Amri ni yako, na nilipaswa kukuuliza miaka kumi iliyopita.

Ninaloomba ni moja. Kama moyo unaruhusu, inuka, chukua maji, mpulizie Gona kifuani, naye atayapokea kwa niaba yangu. Usipoweza leo, sikulaumu; hasira yako ni halali na mimi ndiye niliyeilea. Lakini hata hivyo mpe yeye mkono, kwa maana hakukosa kitu, na jeneza la wifi yako lilikuwa na vipimo sahihi kabisa. Mwambie hivyo kwa kinywa chako. Kutoka kwangu hasadiki.

Mimi siko na huzuni. Asubuhi hii Dhahabu amenibebea kiti hadi uani, nimeshika uso wa gitaa la kumi na moja, nimeugonga, umeniitikia. Ni la mvule tu, tulioununua kwa halali, na linasema vizuri. Sijawahi kujua mtu anaweza kuwa mgonjwa na kufurahi hivi.

Nisalimie Shemeji Kazungu, umwambie asamehe lori lililorudi tupu. Nisalimie Kafedha na mwanawe, na Katana jirani yenu aliyenifundisha kula sukuma wiki. Dhahabu anakuamkia, anasema shikamoo shangazi. Mungu aliyetukusanya katika tumbo moja akulinde, akupe miaka ambayo mimi sitaihitaji, na kila ukisikia nyuzi zile zikipigwa akukumbushe mama kwanza, mimi baadaye.

Gona nimemwagiza asilifue shati utakalolipulizia maji mpaka arudi Utange. Najua litakuwa limekauka kabla hajafika Nakuru, lakini nitalishika.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na kungojea neno lako,

Mwarandu.